Ng'ombe Asiyekula Nyasi

Ng'ombe wa Kipkemoi hali nyasi, hanywi maji, na tangu aletwe kwangu hajanipa hata kijiko kimoja cha maziwa. Analala ndani ya kibuyu kikuukuu nilichokuwa nikigandishia mursik, maziwa yetu ya mgando, kimening'inia juu ya meko, mdomo umezibwa kwa gunzi la mahindi. Ukimtoa na kumweka kiganjani unashtuka kwa uzito wake, maana kwa macho ni kitu kidogo tu, sarafu ya dhahabu yenye picha ya swala. Swala, si ng'ombe. Nilimwambia Kipkemoi hivyo siku ya kwanza, naye akanijibu kwamba watu wa Afrika Kusini hawakumuuliza yeye wachore nini.

Jina langu ni Cheptanui. Ni mjane, naishi Kabazi kwenye shamba aliloniachia marehemu mume wangu, nalima vitunguu na mahindi, nafuga kondoo na kuku. Majirani watakwambia nina mdomo. Waache waseme, mdomo wangu haujawahi kuomba chumvi kwao.

Lakini sikuzaliwa Kabazi. Nilizaliwa Mau Narok, kwenye baridi ile ya watu kuvaa koti mpaka kanisani, na nilipokuwa msichana palikuwa na kijana wa jirani, ndiye huyo Kipkemoi. Tulipendana. Nalisema waziwazi kwa sababu nimeshazeeka na aliyeweza kunichapa kwa neno hilo yuko kaburini. Baba yake alikuwa na ng'ombe wengi kuliko mtu yeyote upande ule, na mahari yangu ilikuwa jambo la kusubiri mavuno tu.

Sasa, kwetu kuna desturi inaitwa kimanagan. Mwenye ng'ombe hawafungi wote katika zizi lake. Wengine anawapeleka kwa rafiki wa mbali awatunze. Rafiki anakamua, watoto wake wanakunywa maziwa, ila ng'ombe na ndama wote wanabaki mali ya mwenyewe, naye huja mara kwa mara kuwaangalia. Ugonjwa ukiingia zizi moja, au wezi, mazizi mengine yanabaki. Baba yake Kipkemoi aliijua desturi hiyo lakini alikuwa mtu wa majivuno. Alitaka wapita njia waone ng'ombe wote pamoja, wahesabu mpaka wachoke. Ndigana, ile homa ya kupe, ikaingia. Ilimaliza zizi zima kabla mvua haijakatika, na mahari yangu ikaoza pale pale kwenye nyasi.

Baba yangu hakungoja. Akaja mtu wa Kabazi na ng'ombe wake wazima, mambo yakaisha. Sikuburutwa na mtu, nilienda kwa miguu yangu nikilia. Mume wangu alikuwa mtu mwema, sina la kumsema vibaya, na nilipomzika nililia kwa haki. Lakini moyo si shamba, huwezi kuupanda kitu kimoja na kung'oa kingine upendavyo.

Kipkemoi naye alioa, akazaa, akalima ngano mpaka akawa mtu wa kuitwa kwenye mikutano. Mke wake alifariki baada ya mume wangu. Halafu benki moja aliyoweka pesa za ngano ikafunga milango, na watu wakabaki nje wanatazama kufuli. Siku hiyo akaapa kwamba mali yake haitalala tena pahali pamoja, wala pahali penye kufuli la mtu mwingine. Alikuwa amejifunza somo hilo mara mbili, na mara ya kwanza lilimgharimu mimi. Hayo siyo maneno yake. Ni yangu. Yeye hakuwahi kuyasema.

Basi akaenda Nakuru mjini kwa sonara mmoja, Shariff, akawa ananunua sarafu za dhahabu polepole kadiri ngano ilivyoruhusu. Alipata tatu. Watu wengine wangechimba shimo chini ya kitanda. Yeye alifanya alivyopaswa kufanya baba yake. Moja aliipeleka kwa rafiki yake Kariandusi, anayefanya kazi kwenye machimbo ya udongo mweupe. Ya pili kwa binamu yake Njoro. Ya tatu akaja nayo kwangu, amevaa kofia mpya, akasimama mlangoni akikohoa kama mtu aliyeswaga mnyama kutoka mbali.

"Cheptanui," akasema kwa lugha yetu, "nimekuletea ng'ombe. Nitunzie."

Nilicheka mpaka nikashika mlango. Kisha nikaona hacheki.

Baada ya hapo akawa anakuja. Nataka uelewe jambo hili, maana ndilo kila kitu. Mwenye ng'ombe ana haki ya kuja kumwangalia ng'ombe wake, na hakuna mtu awezaye kumnyooshea kidole, wala pasta, wala jirani mwenye macho marefu. Mwanamume mjane akimtembelea mwanamke mjane bila sababu, Kabazi yote itajua kabla chai haijachemka. Lakini huyu alikuwa na ng'ombe kwangu. Alikuja baada ya kuvuna ngano, akaja viazi vikishapandwa, na mwaka mwingine akaja katikati, akasema alikuwa anapita. Kutoka Mau Narok hadi Kabazi hakuna mtu anayepita tu.

Mambo yalikuwa yale yale kila mara. Atauliza kuhusu mvua. Atasifu chai. Atauliza kuhusu mvua tena. Kisha ataweka kikombe chini na kusema, "Haya, ng'ombe wangu anaendeleaje?" Nami nitateremsha kibuyu, nitatoa gunzi, nitamimina sarafu kwenye kiganja chake.

"Amenenepa," atasema.

"Amenenepa wapi? Nimekamua mpaka vidole vinauma. Umeniletea ng'ombe tasa, Kipkemoi. Wenzangu wanaotunza ng'ombe wanakunywa maziwa."

"Vumilia. Maziwa yatakuja."

Atacheka kwa lile pengo la jino la mbele. Ataitazama sarafu kidogo, atautazama moto, atanitazama mimi, kisha ataangalia kando upesi. Halafu atasema jua linashuka. Nami nitamsindikiza mpaka kwenye lango, nitarudi jikoni, nitakinusa kikombe chake kabla ya kukiosha. Ndiyo, nilikinusa. Ukifika umri wangu na wewe utaona vitu utakavyonusa.

Wanasema subira huvuta heri. Mimi nimeivuta hiyo subira mpaka kamba ikanikata mikono. Nilingoja aseme neno. Yeye alingoja nini, sijui. Labda watoto wake wakue, na walipokua, labda mabinti zangu waolewe. Nilimtamani wakati akiwa amekaa mbele yangu, na hayo ni mateso mabaya kuliko kumtamani mtu aliye mbali.

Mwaka huu dhahabu ikapanda bei. Hata mimi mwenye redio ya betri tu nilisikia, wakasema haijawahi kupanda hivyo. Nilifurahi kama mjinga, nikifikiri atakuja kumwona ng'ombe wake mapema. Badala yake akapiga simu nikiwa napalilia vitunguu.

"Watoto wamesikia bei," akasema. "Kimutai anataka tukusanye zote tatu tuuze. Anataka kujenga nyumba za kupangisha Nakuru."

"Na wewe unataka nini?"

Nilisikia upepo wa Mau Narok kwenye simu yake, upepo ninaoujua tangu utoto.

"Mimi ni mzee sasa, Cheptanui. Nikimaliza kuvuna nitakuja kumchukua ng'ombe."

"Ng'ombe ni wako," nikasema, nikakata simu. Kisha nikawagombeza kuku, ambao hawakuwa wamefanya kosa lolote siku hiyo.

Usifikiri ningeweza kukataa. Anayetunza ng'ombe akimnyima mwenyewe ni mwizi, na jina hilo linawafuata mpaka wajukuu. Mwenyewe akija, unafungua zizi hata kama roho inakuuma. Nililala na uchungu huo, nikaamka nao, nikaenda nao kanisani. Ng'ombe akiondoka, Kipkemoi atakuja Kabazi kufanya nini? Kuangalia vitunguu? Niliona wazi kwamba ile itakuwa safari yake ya mwisho kwangu, atakunywa chai, atasifu, ataweka sarafu mfukoni, na lango litafungwa nyuma yake. Basi. Maisha yangu yote yangekwisha hivyo, nikiwa bado hai.

Dawa niliipata kwa jirani yangu Eucabeth. Ng'ombe wake alikuwa amezaa, nami nilikuwa nimeegemea ua nikimtazama ndama akisukuma kiwele kwa kichwa. Ndipo nikakumbuka. Katika kimanagan kuna jambo moja linaloweza kumzuia mwenye ng'ombe. Akifika akakuta ng'ombe amezaa, hamtoi. Ng'ombe anayenyonyesha haswagwi safari. Mwenyewe anarudi kwake mikono mitupu, anangoja mpaka ndama aachishwe kunyonya, na hapo katikati anakuja kuwaangalia wote wawili. Nikaangua kicheko, Eucabeth akaniuliza kama nimepandwa na wazimu. Nikamwambia bado, lakini niko njiani.

Niliuza dume la kondoo, lile nililolipenda kwa ukali wake, nikaenda Nakuru.

Duka la Shariff liko nyuma ya soko, mlango wa vyuma na kengele. Ni mtu mnene, mpole, mwenye kioo cha kukuzia kimemkaa kwenye paji la uso. Babu yake alitoka Pwani, lakini yeye ni wa Nakuru kabisa, Kiswahili chake ni kama chetu ila anaapa kwa Wallahi.

"Karibu mathe. Unauza ama unanunua?"

"Nanunua ndama."

"Ndama? Mathe, hapa ni kwa sonara. Ng'ombe si ni huko kwenu shambani?"

"Kuna mzee wa Mau Narok anaitwa Kipkemoi. Wewe ndiye ulimuuzia ng'ombe watatu wenye sura ya swala. Mmoja yuko kwangu Kabazi."

Akateremsha kioo machoni, akanitazama kama anayenipima uhalisi, kisha akapiga meza. "Wallahi! Wewe ndio Kabazi? Huyo mzee alikuwa ananiambia, 'Shariff, hii inaenda Kabazi.' Mimi nikadhani Kabazi ni jina ya benki!"

"Mimi si benki."

"Sasa nimeona. Ngoja nikwambie kitu, mathe. Zile mbili za kwanza alilipa akachukua, hata hakuangalia. Lakini hiyo ya Kabazi, alinimalizia asubuhi nzima. Akaniambia nitoe zote kwa safe. Anageuza hii, anageuza ile, anapeleka kwa dirisha. Nikamwambia mzee, hizi zote ni sawa, zimetoka machine moja, weight moja. Akasema hapana, nataka iliyo nzuri."

Nilikaa kwenye kiti cha wateja bila kuambiwa nikae. Yule mwanamume hakuwahi kuniambia hata kwamba kitambaa changu ni kizuri, na kumbe alikuwa amesimama dirishani kwa sonara akichagua kati ya vitu visivyo na tofauti.

Nilimwambia Shariff nataka ya fedha, maana dhahabu ilikuwa juu ya uwezo wa kondoo mmoja. Akaniletea sarafu nyeupe yenye swala yule yule. Nikaiweka kiganjani nikaona taabu.

"Hii ni kubwa kuliko ya dhahabu. Ndama atamzidi mama?"

"Weight ni moja, lakini dhahabu ni nzito, hujibana. Fedha ni nyepesi, ndio inakuwa kubwa. Hiyo ndio naturally iko hivyo, mathe." Akaigonga kwa kucha, ikalia mlio mrefu mwembamba. "Ni original. Lakini fedha si kama dhahabu. Dhahabu hata ukizika miaka mia iko vile vile. Fedha inakuwa nyeusi, hasa ukiiweka kwa moshi. Ikiwa nyeusi usiogope, ni ngozi tu. Sugua pole pole na Colgate."

Nikalipa. Njiani nilimkumbuka pasta wetu na mahubiri yake kuhusu ndama wa dhahabu na watu waliopotea jangwani. Nikajiambia wangu ni wa fedha, na Mungu anajua kusoma moyo.

Ngano ya Mau Narok ikavunwa. Niliosha nyumba, nikapaka ukuta wa jikoni udongo mpya, nikanunua majani ya chai ya bei. Nilirudia maneno yangu mbele ya kondoo: Kipkemoi, ng'ombe wako amezaa. Nilijua atakavyofanya. Atashangaa, ataangalia sarafu mbili, atakumbuka desturi, na hapo hatakuwa na pa kukimbilia. Itambidi aelewe kwamba mimi, Cheptanui, nimemuomba abaki. Mwanamke hawezi kumwomba mwanamume wazi zaidi ya hapo bila kuvua heshima yake.

Gari lilipoingia nilijua si lake, maana yeye hushukia barabarani na kuja kwa miguu. Akatoka kijana mrefu mwenye viatu vyeupe, amefanana na Kipkemoi wa ujana wetu.

"Habari mama. Mimi ni Kimutai, kijana wa mzee Kipkemoi."

"Baba yako yuko wapi?"

"Mzee alianguka wiki iliyopita. Ni stroke. Mkono na mguu wa kulia hazifanyi, na kuongea ni kwa shida. Tumemtoa hospitali juzi, yuko kwangu Nakuru. Kesho nampeleka Eldoret kwa dada yangu Kimberly, yeye ni nesi, atakaa huko. Sasa nimekuja kwa ile mambo ya gold. Zile za Kariandusi na Njoro nimeshachukua."

Nilishika ukuta, udongo mpya ukanibaki mkononi. Wiki nzima. Alikuwa ameanguka, na mimi nilikuwa hapa nazungumza na kondoo. Hakuna aliyenipigia simu, na kwa nini wanipigie? Mimi ni nani? Ni mtu anayetunza ng'ombe wake.

Nilimpa chai, akainywa amesimama. Nikateremsha kibuyu. Nikamimina zote mbili mezani, ya njano na nyeupe.

"Ng'ombe amezaa," nikasema.

"Mama?"

"Mlileta mmoja, sasa ni wawili. Huyu ni ndama wake. Bado ananyonya."

Kimutai akaniangalia kwa ule upole ambao vijana huwapa wazee walioanza kuchanganyikiwa. Akatoa kimizani mfukoni, ana duka la dawa za mimea na mifugo mjini, akaipima dhahabu, akaridhika. Nyeupe akaisukuma kwangu kwa kidole. "Hii si yetu, mama. Ni yako. Weka tu."

Nikaisukuma tena kwake. "Hujui desturi, na sikulaumu, umesomeshwa na duka. Ndama ni wa mwenye ng'ombe. Siwezi kubaki na ndama wa mtu. Ukimchukua mama, mchukue na mtoto, lakini umwambie baba yako nilivyokwambia. Rudia."

"Ng'ombe amezaa."

"Na?"

"Na bado ananyonya," akasema, akifunga zote mbili kwenye kitambaa nilichompa. "Sawa mama. Asante kwa kututunzia, God bless."

Gari likaondoka. Nilirudi jikoni nikakitikisa kibuyu. Kilikuwa kitupu, na sikuwa nikijua jinsi nilivyozoea kile kisauti cha kugonga ndani mpaka kiliponyamaza. Hapo nikalia. Sikulia kwa ajili ya dhahabu, ingechukuliwa na mafuriko nisingejali. Nililia kwa sababu maneno yangu ya pekee, niliyoyalipia kondoo, yalikuwa yamekabidhiwa mtu asiyeyaelewa, ayapeleke kwa mtu ambaye labda hasikii tena.

Kesho yake, jua likiwa katikati, nilisikia gari lile lile. Kimutai akashuka na kubamiza mlango.

"Mama, sijui mlikuwa mnaongea nini na mzee. Jana nimempatia hizo coins, nikamwambia yale umesema. Akaanza kunipigia kelele, na huyo ni mtu hajaongea vizuri wiki nzima! Amekataa kula. Amekataa kuvaa viatu. Anasema tu Kabazi, Kabazi. Kimberly ananipigia simu huko Eldoret anauliza tumefika wapi. Sasa niambie, Kabazi ni njia ya kwenda Eldoret?"

Nilikuwa nimeshafika kwenye gari.

Alikuwa kiti cha mbele, amefungwa mkanda, blanketi magotini. Mdomo umevutwa upande mmoja, amepungua, kofia imemkaa vibaya. Nilitaka kuinyoosha. Nikainyoosha, mbele ya mwanawe, mbele ya Eucabeth aliyekuwa ameshafika kwenye ua. Acha waone.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefumba ngumi juu ya blanketi. Akaufungua taratibu. Sarafu zote mbili zilikuwa na jasho.

"Nani," akasema, kila neno likitoka kama gunia zito, "nani hutoa ng'ombe anayenyonyesha?" Alikuwa ananiangalia mimi, lakini swali lilikuwa la mwanawe. Kimutai akainamisha kichwa, akachezea funguo.

"Hakujua," nikasema. "Msamehe."

Kipkemoi akaipindua sarafu nyeupe kwa kidole gumba. "Ndama. Mkubwa kuliko mama."

"Alishiba."

Akacheka. Upande mmoja tu wa uso ulicheka, lakini pengo lilikuwa upande huo. Kisha akauliza, "Maziwa je?"

Nilikuwa na jibu langu la siku zote, la vidole kuuma. Lilikuja mpaka ulimini. Nikalimeza.

"Maziwa yalikuwepo, Kipkemoi. Kila ulipokuja nilikunywa. Nilikuwa nakudanganya tu."

Macho yake yakajaa maji, na safari hii hakuangalia kando. Kimutai alienda kujifanya anaangalia gurudumu. Kipkemoi akanyoosha ule mkono mzima, akanimiminia sarafu kiganjani kama mimi nilivyokuwa nikimmiminia yeye, na akaacha vidole vyake juu ya vyangu. Ilikuwa mara ya kwanza kunishika mkono tangu Mau Narok, tangu ng'ombe wa baba yake walipokuwa hai.

"Nitakuja kuwaona," akasema.

"Njoo."

Nilijua, naye alijua. Kutoka Eldoret mtu wa hali ile haji Kabazi. Nilirekebisha blanketi, nikamwambia Kimutai aendeshe polepole penye matuta, nikasimama langoni mpaka vumbi likatulia. Eucabeth akauliza huyo alikuwa nani. Nikamwambia ni mwenye ng'ombe.

Zile mbili nyingine ziliuzwa, na nasikia msingi wa nyumba Nakuru umeshachimbwa. Hizi zangu zimo kwenye kibuyu. Ya dhahabu iko vile vile kama siku aliyoichagua dirishani. Ya fedha moshi unaigeuza nyeusi haraka, na mimi siisogezi mbali na moto, maana inanipa kazi ya kuitoa na kuisugua. Redio ikitaja bei naizima.

Jumapili jioni Kimberly hunipigia simu. Ni msichana mwenye heshima, huniita mama tangu siku ya kwanza. Kuongea kwa mzee kumezidi kuwa kugumu, kwa hiyo yeye ndiye husikiliza na kunipa maneno.

"Mama, ni yeye tena," atasema. "Kila week ni hiyo swali moja. Anauliza kama ndama ameachishwa kunyonya. Nimwambie nini?"

Nasikia pumzi yake nyuma ya ile sauti ya msichana, nzito, inangoja.

"Mwambie bado," nasema. "Bado kabisa."